Ukienda Kula kwa Waitaliano wa Malindi, Uliza Kwanza

Ukitoka Mombasa kwa matatu asubuhi, ukavuka daraja la Kilifi na kuipita njia panda ya Gede, haitachukua muda kabla hujaanza kuona mabango yasiyosomeka kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Hapo jua umefika Malindi. Ni mwendo wa kilomita 120 hivi, lakini ukishuka kwenye barabara ya Lamu utadhani umevuka bahari. Duka la dawa ni farmacia. Muuza aiskrimu ameandika gelateria. Wakala wa nyumba ametundika picha za majumba ya makuti yenye vidimbwi vya kuogelea, na bei ameziandika kwa yuro. Kijana wa vinyago atakuamkia "Ciao!", na usipomwitikia ndipo arudi kwenye "Mambo, dada?"

Sisi watu wa mjini huenda huko wakati wa likizo ya shule, hasa tangu treni mpya ianze kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017. Mzazi huweka akiba miezi mitano, sita. Na katika orodha ya mambo ambayo watoto wameahidiwa, yaani kuogelea, kupanda mashua ya vioo kutazama samaki, kuzuru magofu ya Gede, aghalabu pana hili pia: siku moja tutakula kwa Waitaliano. Ni siku hiyo moja ninayotaka tuizungumzie leo, msomaji, kwa sababu nimeonana na familia nyingi zilizotoka huko zimenuna.

Kwanza, Waitaliano walifikaje Malindi? Hawakuvutwa na ufuo, walivutwa na anga. Katika miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio na wenzake walikuwa wakitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia roketi, kwani hapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi kuondoka. Wakachagua bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, wakasimamisha jukwaa la San Marco majini. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, ikarushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo, Uhuru, kwa Kiswahili! Roketi ya mwisho iliondoka mwaka wa 1988, ingawa kituo kingalipo na siku hizi kinaitwa kwa jina la Broglio.

Mafundi walileta jamaa zao, jamaa wakaleta marafiki, marafiki wakanunua viwanja. Baada ya majumba zikaja hoteli, na baada ya hoteli mikahawa. Leo utamkuta mwenyeji wa Malindi ambaye hakuvuka darasa la nane akibishana bei kwa Kiitaliano safi, na mpishi Mgiriama anayejua kukanda unga wa piza kama aliyezaliwa Napoli.

Wala usidanganywe kwamba tambi ni chakula cha Mzungu ambacho wewe unaalikwa kukionja kwa hisani. Mswahili wa mwambao hupika tambi kwa nazi, sukari na iliki, na mwezi wa Ramadhani mtu hukosa raha asipoziona mezani. Na ukiwa Nairobi, nenda Eastleigh mchana wowote uitishe baasto. Utaletewa spageti zenye mchuzi wa nyama na ndizi mbivu pembeni. Wasomali walizipata tambi hizo kwa Waitaliano waliowatawala, wakazitia viungo vyao, na sasa ni chakula chao. Basi ukiingia mkahawa wa Kiitaliano wa Malindi, ingia kama mtu anayejua chakula, usiingie kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Nilikwenda likizo ya Aprili pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili, na shangazi ya mume wangu ambaye ni mwenyeji wa Malindi. Shangazi ni Mwislamu, mama wa miaka sitini na ushei, na katika maisha yake yote mjini hapo hakuwahi kuketi katika mkahawa wa aina hiyo. "Nimewauzia mahamri wapishi wao," alituambia, "lakini meza yao siijui." Alivaa buibui lake jipya.

Mkahawa wenyewe sitautaja. Ulikuwa na taa za mishumaa, vitambaa vyeupe, na upepo mzuri kutoka baharini. Tulionyeshwa meza ya nyuma, kando ya mlango wa jikoni, ingawa meza za mbele zilikuwa tupu. Tukakaa. Dakika ishirini zikapita bila menyu. Wageni wawili wa Kizungu wakaingia nyuma yetu, wakapelekwa mbele, na kabla hawajavuta viti vizuri tayari walikuwa na menyu, mkate na maji. Binti yangu wa miaka kumi na mitatu akaniuliza, "Mama, wao walipiga simu mapema?" Nikamwambia labda. Unamjibu nini mtoto hapo?

Menyu ilipofika ilikuwa ya Kiitaliano mwanzo hadi mwisho, na bei zake kwa yuro. Tuliomba ya shilingi, ikaletwa moja kwa watu watano. Tukaagiza piza mbili za watoto, spageti za vyakula vya baharini kwangu, karbonara kwa mume wangu. Shangazi akataka kitu cha nyama. Mhudumu akampendekezea lazania.

"Nyama gani hiyo, mwanangu?" Shangazi akauliza.

"Ya ng'ombe, mama."

"Hakuna kitimoto?"

"Hakuna kabisa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Hapa nisimame kidogo, msomaji, kwa sababu jambo hili ni zito na halihusu Malindi peke yake. Mchuzi wa nyama unaotiwa katika lazania, ule wanaouita ragu, kwa desturi ya mji wa Bologna huwa na nyama ya ng'ombe pamoja na panceta, ambayo ni nyama ya tumbo la nguruwe iliyotiwa chumvi. Mwaka wa 1982 chuo cha mapishi cha Italia kiliiandikisha rasmi resipe hiyo katika chama cha wafanyabiashara cha Bologna, na panceta imo. Karbonara nayo hutengenezwa kwa mayai, jibini na nyama ya shavu la nguruwe. Tiramisu, ile keki ya kahawa ya mwishoni, wapishi wengi huitia pombe kidogo. Hakuna ubaya wowote kwa Mwitaliano kupika hivyo, ni chakula cha kwao. Lakini mhudumu anayeulizwa na asijue, kazi yake ni kwenda jikoni kuuliza. Wetu hakwenda.

Tulingoja piza kwa muda wa saa moja na robo. Wajua piza ya Napoli huchukua muda gani katika tanuri la kuni lililopata moto sawasawa? Sekunde 60 hadi 90. Ufundi wa wapishi hao umetambuliwa na UNESCO tangu mwaka wa 2017. Kukanda na kuumua unga huchukua saa nyingi, ndiyo, lakini hiyo ni kazi inayofanywa kabla mteja hajatoka kwake. Kwa hivyo ukiambiwa "piza inachukua muda" mara ya tatu, tambua kwamba si piza inayochukua muda. Zetu zilipofika zilikuwa ngumu pembeni na majimaji katikati, na mwanangu mdogo akazikunja kama chapati ili aweze kuzishika.

Spageti zangu ziliniudhi zaidi, labda kwa sababu mimi ni mpenzi wa samaki. Asubuhi hiyo tulikuwa ufuoni tukawaona wavuvi wakishusha pweza na ngisi wabichi kabisa. Nilichowekewa sahanini ni vipande vya ngisi vilivyotafunika kama mpira wa kufungia noti, na tambi zilizolala zikaamshwa kwa maji moto. Zilikuwa zimeshikana. Ukiinua uma, sahani nzima inataka kuja nayo.

Msomaji, usichanganye tambi mbovu na tambi ngeni. Waitaliano hupenda tambi ya kung'atika, iliyobaki na kiini kigumu kidogo. Wenyewe husema al dente. Mkenya akiitafuna mara ya kwanza husema haijaiva, na hapo mpishi hana hatia. Vilevile usishtuke ukiona sahani ni ndogo. Kwao tambi ni chakula cha kwanza tu, kiasi cha gramu 80 hadi 100 zikiwa kavu, kisha hufuata nyama au samaki, kisha kitu kitamu. Sisi tuliozoea sima inayosimama kama kichuguu tutasema tumepunjwa, kumbe tumeagiza robo ya mlo. Na karbonara isipokuwa na krimu usilalamike, kwani haipaswi kuwa nayo. Hayo yote ni ugeni. Lakini tambi iliyopikwa mchana ikachemshwa tena usiku ni tambi mbovu, Malindi, Roma au Eastleigh, na una haki ya kuirudisha.

Tulikuwa katikati ya chakula nilipomwona Shangazi ameinua kipande kwa uma anakitazama kwenye mwanga wa mshumaa. Alikuwa ameshakula vijiko vitatu, vinne. Nikamwita mhudumu mwingine, kijana wa makamo, nikamwomba aende akaulize jikoni neno kwa neno. Alirudi akiwa ameinamisha kichwa.

"Dada, samahani. Wanasema imechanganywa kidogo."

Shangazi aliweka uma chini polepole. Hakupiga kelele. Aliomba maji, akanyanyuka kwenda kusukutua kinywa, na aliporudi alikaa kimya na mikono yake imelala mapajani hadi tulipoondoka. Mume wangu naye akaisukuma sahani yake mbali, ingawa yeye nyama hiyo hula.

Kisha ikaja bili. Shilingi 11,090. Chakula na vinywaji, pamoja na aiskrimu za watoto, vilikuwa 9,400. Juu yake palikuwa na 750 za kitu kilichoandikwa koperto, na asilimia 10 ya huduma, yaani 940. Koperto ni nini? Ni ada ya kila kichwa kwa mkate na kwa kutandikiwa meza, na huko Italia ni jambo la kawaida. Sisi tulitozwa 150 kila mtu kwa kikapu cha mkate ambacho hatukukiitisha, na ambacho hakikutajwa popote katika menyu ya shilingi. Na lazania ya Shangazi ilikuwamo kwenye hesabu, 1,600, bila aibu.

Nikakataa kuilipia. Msimamizi akaja, Mkenya mwenzetu aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alinieleza kwa Kiingereza kwamba hiki ni chakula cha Kiitaliano na ndivyo kinavyopikwa. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hakuna aliyelalamikia upishi. Aliyeuliza swali alipewa jibu la uongo. Akarudia kwa Kiingereza. Nikarudia kwa Kiswahili. Wageni wa meza ya mbele wakageuka. Mwishowe bili ikashuka hadi 9,330, lazania ikiwa imetolewa pamoja na huduma yake. Neno la pole kwa Shangazi halikutoka kinywani mwa msimamizi yule. Lilitoka kwa mhudumu wa makamo, aliyetusindikiza hadi langoni akamshika mama yule mkono kwa mikono miwili.

Nilimuuliza pale langoni kama ile asilimia 10 humfikia. Alicheka tu.

Ningeweza kuishia hapo nikawapaka Waitaliano wote matope, lakini nisingekuwa nimetenda haki. Siku ya pili nilikwenda peke yangu mchana katika mkahawa mwingine, wa Mwitaliano mzee anayesimama mwenyewe mlangoni. Nilihudumiwa haraka na kwa adabu. Chakula? Hakikuwa na ladha ya kukumbukwa. Tambi zilikuwa za moto, nyanya zilikuwa za mkebe, jibini ilikuwa unga mkavu usio na harufu. Bei ilikuwa karibu ileile ya jana. Mzee alipopita kuniuliza nilikionaje, nilimwambia ukweli. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole meza zilizokuwa tupu kote, akasema kwa Kiswahili cha pwani, "Mama, umekuja msimu umekwisha."

Jioni hiyo nilipata maelezo kamili kwa mtu aliyepika katika hoteli za Waitaliano kwa zaidi ya miaka ishirini. Waitaliano, alisema, huja kwa wingi kuanzia Desemba hadi Machi, kuikimbia baridi ya kwao, kisha tena Agosti, mwezi ambao nchi yao karibu yote huwa likizoni. Pasaka ikishapita mvua za masika huanza, bahari huchafuka, na hoteli kadhaa hufunga milango. Mikahawa inayobaki wazi hupunguza wafanyakazi. Mpishi mkuu huenda likizo, anabaki msaidizi. Jibini ile nzuri, ile inayotoka wilaya za Parma na Reggio Emilia na ambayo ni lazima ikae miezi 12 au zaidi kabla ya kuuzwa, haiagizwi tena kwa sababu itaharibika kabla ya kwisha. Ngisi huwekwa kwenye friza, kwani hakuna anayejua kama kesho atakuja mteja mmoja au hakuna. Tambi huchemshwa mara moja kwa siku ili kuokoa gesi.

"Na bei je?" nikamuuliza.

"Bei ni ya Desemba," akasema.

Sasa tazama kalenda ya shule zetu. Likizo ya Aprili, ambayo ndiyo familia nyingi hushuka pwani kwa kuwa vyumba ni rahisi, huangukia palepale jiko linapokuwa limelala. Mkenya hulipa bei ya Desemba kwa chakula cha mabaki, kisha anarudi Nairobi akisema chakula cha Waitaliano hakina maana. Nayo mikahawa husema Wakenya hawajui kula. Lakini Mei na Juni, wateja wale wa yuro wakiwa kwao, ni nani anayelipa mishahara ya wahudumu wale kama si mimi na wewe?

Kwa hivyo ukienda, usiketi kabla hujaiona menyu ya shilingi. Uliza kama kodi ya asilimia 16 na ile ya utalii ya asilimia 2 zimo katika bei au zitaongezwa, na kama kuna koperto au huduma. Uliza samaki ni wa leo au wa friza. Mkahawa wenye heshima utakwambia. Ukionyeshwa meza ya mlango wa jikoni na za mbele ziko tupu, sema unataka ya mbele, kisha nyamaza ungoje. Na kama yupo kati yenu asiyekula nguruwe au asiyegusa pombe, usiridhike na "hakuna wasiwasi" ya mhudumu. Mwombe amwite mpishi. Mpishi hulijua jiko lake, na wapishi wa Malindi, wengi wao, ni watoto wa watu wasiokula nyama hiyo. Hawatakudanganya.

Yule mpishi niliyemtaja aliacha kazi hotelini na sasa ana kibanda chake mitaa ya nyuma, mbali na barabara ya Lamu, chenye meza nne za plastiki na ubao ulioandikwa kwa chaki. Hupika kitu kimoja cha Kiitaliano kwa siku. Tulimpeleka Shangazi huko siku moja kabla ya kuondoka. Alimuuliza maswali manne kuhusu nyama na mafuta kabla ya kukubali kuketi, na yeye akamjibu yote huku akikata vitunguu saumu, kisha akamwonyesha sufuria. Siku hiyo palikuwa na spageti za pweza na nyanya mbichi, shilingi 350 sahani. Zilikuwa za kung'atika. Mtoto wangu mdogo alisema hazijaiva, akala sahani mbili.

Hufungua saa sita mchana. Kufikia saa nane pweza huwa amekwisha, na ukichelewa utapewa wali kwa maharagwe.